Foleni Ina Wenyewe

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Naipenda methali hii kwa sababu haimdai maiti maelezo. Inakubali kwamba yapo maumivu ambayo mtazamaji hawezi kuyafikia, kisha inanyamaza. Sasa fikiria mfumo unaoigeuza methali hiyo juu chini. Unamketisha maiti mbele ya kamera na kumwambia: haya, tueleze kaburi likoje, na ueleze vizuri, maana usipoeleweka hupati nafasi.

Mfumo ninaousema upo katika bustani za burudani za Disney kule Florida na California. Unaitwa Disability Access Service, kwa kifupi DAS. Ni utaratibu wa kumsaidia mtu ambaye, kwa sababu ya ulemavu, hawezi kusimama kwenye foleni ndefu ya kawaida. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, kwa hiyo nitausoma kama tunavyosoma hadithi darasani: msimulizi ni nani, msikilizaji ni nani, kipi kinaaminika, na nani ameachwa nje ya ukurasa.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Anayekubaliwa DAS hapewi ruhusa ya kutongoja. Anapewa saa ya kurudi, na saa hiyo hukadiriwa kutokana na urefu wa foleni ya wakati ule. Foleni ikiwa ya saa moja, naye atangoja karibu saa moja, ila atangojea pengine: kivulini, kwenye benchi, karibu na choo, mbali na kelele. Akirudi, anapita njia ya haraka. Tofauti kubwa kati yake na wengine ni mahali mwili wake unapokaa wakati saa zinapita.

Kwa nini basi msaada mdogo kiasi hicho umezua ugomvi mkubwa? Jibu moja liko kwenye majengo. Disneyland ilifunguliwa mwaka 1955, miaka 35 kabla ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990. Foleni za bustani za zamani zilijengwa kwa ngazi na vichochoro vyembamba ambavyo kiti mwendo hakipiti. Kwa hiyo watumiaji wa viti mwendo waliingizwa kupitia mlango wa kutokea. Ulikuwa mlango wa nyuma, mlango wa mtu ambaye mbunifu hakumfikiria. Lakini kwa aliyesimama juani dakika 70, mlango ule ulionekana kama upendeleo. Kosa la mchoraji wa ramani likageuka kuwa bahati ya mlemavu, na palipo na bahati wivu hauko mbali.

Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliandika kuhusu familia tajiri zilizowakodi watu wenye ulemavu wawe waongozaji wao, ili wapite nao haraka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Disney ikafuta kadi yake ya zamani na kuanzisha DAS. Mwaka 2024 ikakaza tena: mabadiliko yalianza kutumika Florida tarehe 20 Mei na California tarehe 18 Juni. Sasa DAS inatajwa kuwa ni kwa ajili ya watu ambao, kutokana na ulemavu wa ukuaji kama usonji au unaofanana na huo, hawawezi kungoja muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Mwombaji husailiwa kwa njia ya video, na mtaalamu wa afya anaweza kuitwa kushiriki. Anayebainika kusema uongo anaweza kupigwa marufuku kabisa kuingia katika bustani hizo. Wengine wote, wenye maradhi ya utumbo, ya moyo, ya damu, ya viungo, huelekezwa kwenye njia nyingine, kwa mfano kutoka kwenye foleni wanapozidiwa kisha kurudi waliko wenzao.

Usomaji wangu unaanzia kwenye usaili huo. Usaili ni utanzu, nao una kanuni zake hata kama hazijaandikwa popote. Msimulizi anatakiwa asimulie siku yake mbaya kuliko zote kana kwamba ndiyo siku zake zote. Asicheke sana. Asiseme kwamba jana alitembea kilomita 3 bila shida, ingawa ni kweli, kwa sababu katika utanzu huu mwili unaobadilikabadilika haueleweki. Asiseme ameshazoea. Msikilizaji naye amepewa kazi ngumu: anasikiliza huku akitafuta uongo. Sisi tuliozoea kusoma tunajua kwamba msomaji wa namna hiyo huwa haoni hadithi, anaona mianya yake tu.

Utanzu huu unanihusu. Nina selimundu, ugonjwa ambao mtaani kwetu wengi huuita sikoseli. Ukiniona, huoni kitu. Chembe zangu nyekundu za damu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Uchovu huyachochea, vilevile joto kali, baridi ya ghafla na kukosa maji mwilini. Kwa hiyo nakunywa maji mengi, na kwa hiyo naenda msalani mara nyingi. Niweke mtu kama mimi kwenye foleni ya saa moja na nusu juani, isiyo na benchi, ambayo ukitoka kwenda chooni umepoteza nafasi, na utakuwa umekusanya karibu kila kichocheo mahali pamoja.

Kuna bustani niliyowahi kuitembelea na binamu zangu wawili. Sitaitaja, kwa sababu dirisha nililosimama mbele yake lingeweza kuwa popote. Kijana wa dirishani aliniangalia, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Lakini unaonekana uko vizuri." Nikamweleza. Akaniuliza kama huwa inanipata kila siku. Nikasema hapana. Nikaona kwamba jibu hilo la kweli limenishusha. Akaniambia nikizidiwa nitoke, binamu zangu wanishikie nafasi. Ushauri huo una mantiki mpaka ukumbuke mambo mawili. Kwanza, maumivu ya selimundu hayapigi hodi. Ukishajua umezidiwa, umechelewa, na kinachofuata mara nyingi ni hospitali. Pili, si kila mtu huja na binamu.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi katika habari hii ni jinsi ambavyo ningeweza kushinda. Nimefundishwa kusimulia. Najua kupanga matukio, kuchagua tukio moja zito, kunyamaza panapotakiwa kimya. Ningekuwa na dakika 10 za kujiandaa, ningempa yule kijana simulizi ambayo asingeweza kuikataa, na kila neno lingekuwa la kweli. Je, mama mhamiaji mwenye Kiingereza cha kubahatisha, anayemsemea mwanawe mwenye usonji mbele ya kamera, anao uwezo huo? Mtu mzima ambaye ulemavu wake wenyewe unamzuia kupanga maneno haraka? Usaili unadai kupima ulemavu, lakini sehemu kubwa ya unachopima ni ufasaha. Mwenye maneno anapata kivuli. Asiye nayo anabaki juani, ingawa huenda yeye ndiye aliyekihitaji zaidi.

Nitakuwa sitendi haki nikiwafanya watu wa Disney mabwege wa hadithi hii, maana hoja yao ina uzito. Njia ya haraka hubaki ya haraka kwa sababu inapitwa na wachache. Wakiongezeka, foleni ya kawaida husimama, na humo nako wamo wazee, wajawazito na watoto. Hoja hiyo ilifika mahakamani. Familia ya kijana mmoja mwenye usonji ilidai kwamba saa ya kurudi haimfai, kwa sababu hawezi kungoja mahali popote. Walitaka kuingia moja kwa moja, au wapewe pasi za kutosha kufanya hivyo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliwafufulia kesi yao. Mwaka 2020, baada ya ushahidi kusikilizwa, jaji aliipa Disney ushindi, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaubariki. Sehemu ya sababu ni kwamba, kwa maoni ya mahakama, madai yale yangebadilisha kimsingi shughuli nzima ya bustani.

Maneno hayo, kubadilisha kimsingi, ndiyo mhimili wa sheria yenyewe. Biashara inalazimika kurekebisha taratibu zake kwa ajili ya mwenye ulemavu, isipokuwa pale ambapo marekebisho yangeugeuza msingi wa kitu inachokitoa. Maarufu kuliko zote ni kesi ya mcheza gofu Casey Martin, ambaye mguu wake wenye matatizo ya mishipa ya damu ulimfanya aombe kutumia kigari uwanjani wakati wenzake wanatembea. Waandaaji wa mashindano walisema kutembea ni sehemu ya mchezo. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilisema msingi wa gofu ni kupiga mpira, na kutembea si sehemu ya msingi huo. Huu ni uhakiki kamili: majaji walikaa wakajiuliza kitu hiki ni nini hasa, na kipi kinaweza kuondolewa kikabaki kilekile.

Basi tuulize swali hilohilo. Je, kusimama kwenye foleni ni sehemu ya msingi ya bustani ya burudani? Disney yenyewe imeshalijibu, kwa bei. Tangu mwaka 1999 ilikuwa na FastPass, njia ya haraka isiyolipiwa. Mwaka 2021 njia hiyo ikawa ya kulipia. Oktoba 2024, miezi michache tu baada ya DAS kukazwa, ikaja Lightning Lane Premier Pass: unalipa, unaingia njia ya haraka mara moja kwa kila mchezo wenye njia hiyo, saa yoyote unayotaka, bila hata kupangiwa muda wa kurudi. Ilipoanza kule Florida, bei ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, ikitegemea bustani na tarehe, na tiketi ya kuingilia unalipia kando.

Soma tena sentensi hizo mbili zikiwa bega kwa bega. Mwenye ulemavu akiomba kuingia bila kungoja, anaambiwa ombi lake litabadilisha bustani kimsingi. Mwenye dola 449 akiomba jambo karibu lilelile, anapewa risiti. Najua jibu litakalotolewa: pasi hizo huuzwa chache, na bei ndiyo inayozuia umati. Sawa. Lakini hapo hoja imeshahama. Hatuzungumzi tena juu ya asili ya bustani, tunazungumzia nani agawiwe nafasi chache zilizopo na kwa kipimo gani. Kipimo kimojawapo ni pochi. Mwenye pochi haulizwi kama huwa anayo kila siku, wala haambiwi kwamba anaonekana maskini.

Mgawanyo huu una madhara mengine yasiyoandikwa kwenye kanuni. Unatugombanisha. Mwenye usonji aliyekubaliwa anatazamwa kama aliyechukua nafasi ya mwenye maradhi ya utumbo aliyekataliwa, na aliyekataliwa anaanza kumpima mwenzake: huyu kweli? Tunaanza kusailiana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti ileile ya dirishani. Wakati sisi tunapimana, aliyelipa ameshapita.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba kungoja umekaa ni jambo lililokwisha kutatuliwa. Ingia benki nyingi za Dar es Salaam: unachukua namba, unaketi, namba yako inaitwa. Hakuna anayekuuliza unaumwa nini ndipo upewe kiti. Disney nayo inajua. Desemba 2019, ilipofungua mchezo wake mkubwa wa Star Wars kule Florida, watu walijiandikisha kwa simu, wakapewa kundi, wakazurura hadi walipoitwa. Wote, wagonjwa kwa wazima. Ugumu wake naukubali: foleni ni ghala la watu, na ukilifungua ghala lazima uwatafutie mahali pa kukaa. Lakini mahali pa kukaa hujengwa na watu. Mabenchi, vivuli, vyoo ndani ya foleni yenyewe na njia ya kutoka na kurudi isiyohitaji binamu vingepunguza idadi ya wanaolazimika kujieleza, na kumwachia nafasi yule ambaye kweli hawezi kungoja kokote.

Kuna mahali palipoanza na wazo hilo. Huko San Antonio, Texas, ilifunguliwa mwaka 2010 bustani iitwayo Morgan's Wonderland, iliyoanzishwa na Gordon Hartman kwa kumfikiria binti yake mwenye ulemavu. Wenye ulemavu huingia bure. Ipo bembea ambayo mtu anabembea akiwa kwenye kiti mwendo chake, na jukwaa la farasi wa kuzunguka linalopokea viti mwendo bila mtu kunyanyuliwa. Ni bustani ndogo ukiilinganisha na zile za Disney, na haina umati wala presha ya aina ile, kwa hiyo si haki kuifanya fimbo ya kuchapia wengine. Ninaitaja kwa sababu moja tu: mbunifu wake aliuliza maswali kabla ya kujenga, kwa hiyo mgeni anaulizwa machache anapofika.

Nilipokuwa mdogo, nyumbani mtu akisema anaumwa aliambiwa pole, akavutiwa kiti. Maswali yalikuja baadaye, akishakaa.