Moyo na Utajiri katika Al-Inkishafi

Mwalimu atakaye kuwafundisha wanafunzi wake ya kuwa utajiri wa kweli si fedha, akitafuta ushuhuda katika Kiswahili chenyewe, hawezi kukaa muda mrefu asifike kwenye shairi la Al-Inkishafi. Nasi tumelitumia mara nyingi kwa kazi hiyo. Lakini tulipolisoma tena karibuni, huku tukiwa na mithali moja ya pwani akilini, tuliona ya kuwa tumezoea kulisoma vibaya. Tena tuliona ya kuwa lina pengo moja kubwa, ambalo yafaa mwalimu alijue kabla hajasimama nalo mbele ya watoto.

Mtunzi wake ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim wa Hadhramaut, aliyeishi pande za Pate na Amu katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Beti zake hazitimii 80. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne huishia kwa sauti moja tangu mwanzo wa shairi hata mwisho, kama mlango ufungwao kwa komeo lile lile kila usiku. Kasisi W. E. Taylor alilifasiri kwa Kiingereza, na kazi yake ikatiwa katika kitabu cha Stigand cha mwaka 1915. Kisha William Hichens akalitoa peke yake mwaka 1939. Hichens aliliita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kuamka kwa nafsi. Hakukosea kabisa, kwa kuwa mshairi auita moyo wake uzinduke. Walakini neno inkishafi kwa Kiarabu ni kufunuka, kama kitu kilichovuliwa kifuniko, wala anayesemeshwa si nafsi bali ni moyo. Tutaona ya kuwa tofauti hiyo si ndogo.

Usomaji uliozoeleka ni huu: mshairi adharau mali. Sisi twasema, hadharau hata kidogo. Hebu na tuzitazame zile beti za majumba ya Pate. Mtu adharauye mali hawezi kuiona kwa jicho kama lile. Aziona taa za bilauri na za shaba zikigeuza usiku kuwa mchana. Aviona visahani vya sini vimepangwa katika madaka ya kuta, yale madaka ya chokaa ambayo mafundi wa visiwa vile walikuwa hodari wa kuyachonga. Aviona vitanda, mito laini na marashi, na watu wakipepewa hata usingizi uwachukue. Hata mwendo wa matajiri wale ameukumbuka, jinsi walivyokuwa wakienda kwa kuringa na kupinda shingo. Mtu huyu aliyapenda mambo hayo, au aliwapenda watu waliokuwa nayo. Kwa hiyo, ageukapo na kutuonyesha makinda ya ndege ndani ya madaka yale yale, na popo, na buibui, na kichaka kilichoota uani, twasikia uchungu wa mfiwa wala si ukali wa mhubiri. Katika orodha ya wale aulizao wako wapi, yumo Ali bin Nasir, jina lile lile la baba yake.

Wala si jambo la kubuni. Pate ilikuwa mji wenye nguvu na biashara nyingi, na ufundi wake wa kufuma hariri ulisifiwa; nguvu hizo zikapungua kwa fitina za ndani, na vita vya Shela, yapata mwaka 1812, vikazivunja zaidi. Magofu yake yangaliko hata leo, katikati ya mashamba ya tumbaku.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara. Na watu wa pwani walilipokea neno hilo pamoja na jahazi na mizani, hata likaja kumaanisha kila mwenye mali, awe anauza au hauzi. Lugha ilikuwa na neno jingine, mkwasi, ambalo washairi wa kale hupenda kulipambanisha na mkata. Lakini katika maneno ya kila siku tajiri amemshinda. Basi hata twambiapo watoto habari za tajiri wa roho, chini ya maneno yetu bado kuna mtu aliyeketi dukani na daftari lake. Sayyid Abdallah ajua jambo hilo kuliko sisi. Aufananishapo ulimwengu na bahari mbaya yenye matumbawe, asema habari za mwenye kuirakibu na hasara ampatayo. Hasara ni neno la biashara. Haambii moyo wake, Acha kufanya biashara. Auambia, Umepiga hesabu vibaya. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema watu. Na shairi zima laweza kusomwa kuwa ni daftari hilo lililofunguliwa baada ya wenyewe kwisha kuondoka.

Hapo ndipo ilipotujia mithali ile: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe ni usiambe, yaani usiseme. Ni kitenzi cha kale amba, ambacho kwetu kimebaki zaidi katika kwamba na ambaye. Wajumbe wa mithali hii ni wale wale wawili wa shairi: moyo upande mmoja, utajiri upande wa pili. Lakini mithali yauliza moyo swali moja tu: Watoa? Nalo shairi, katika beti zake zote, swali hilo haliulizi. Lauambia moyo juu ya kifo, juu ya kaburi jembamba na wadudu wake, na mwishowe juu ya mioto ya Jahannamu, kila mmoja kwa jina lake. Juu ya mkono unaofunguka na mwingine unaopokea, hatukuona ubeti.

Hilo ndilo pengo tulilolitaja. Matajiri wa Pate watajwa kwa majina. Aliyewapepea hana jina. Aliyebeba mawe ya matumbawe kutoka ufukoni, akayachoma yawe chokaa ya madaka yale, hana hata kivuli chake. Tusisingizie dini ya mshairi. Zaka ni nguzo katika Uislamu, na sharifu aliyesoma kama yeye hakuwa na haja ya kukumbushwa. Sababu, kwa maoni yetu, ni umbo la shairi lenyewe: ni mtu mmoja aliyejifungia, asema na moyo wake, na katika chumba hicho hamna nafasi ya mtu wa tatu. Wala si jambo la Pate tu. Katika Luka 12, yule tajiri mpumbavu wa ghala naye asema na nafsi yake peke yake; na Bwana amkemeapo, twafahamu kosa lake tangu kusikia maneno yake, maana katika mashauri yake yote hakuna jirani. Sayyid Abdallah asema na moyo wake ili auamshe, na yule wa ghala asema na nafsi yake ili ailaze usingizi. Kwa hiyo hatuwezi kuwaweka pamoja. Lakini vyumba vyao vyafanana. Luka 16 ndiyo ivunjayo ukuta. Hapo tajiri hana jina, na maskini aliye mlangoni ndiye mwenye jina, Lazaro. Ni kinyume kabisa cha orodha ya Pate.

Ndugu walimu, jambo hili lina uzito kwa kazi yetu. Miongoni mwa watoto tuwafundishao wamo wengi ambao nyumbani kwao hakuna madaka wala visahani vya kupotea. Mwana wa mvuvi aambiwapo ya kuwa mali si kitu, na mwalimu apataye mshahara kila mwezi, aweza kunyamaza kwa adabu, lakini moyoni ajua ya kuwa si kweli. Mali ni kitu. Ni wavu mpya wa baba yake, na dawa ya dada yake. Shairi la mfiwa wa matajiri, likisomwa mbele ya mtoto huyo pasipo maelezo, lageuka kuwa neno la kumtuliza maskini asidai. Sayyid Abdallah hakulitunga kwa kusudi hilo. Aliusemesha moyo wake mwenyewe, na moyo wa watu wa tabaka lake.

Kama twataka shairi lenye mtu mlangoni, liko jingine la pwani ile ile. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyekuwa akipigana na Seyyid Said, alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake. Hamhesabii binti mashamba wala dhahabu. Amwambia atamtungia kidani, na kidani chenyewe ni maneno. Na katika maneno hayo limo hili, kwamba mwenye haja akija asimrudishe, bali ajitahidi kumtendea kwa kadiri awezavyo. Hatusemi kwamba utendi ule hauna lawama: Mwana Kupona huyo huyo amwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, na mwalimu asilifiche jambo hilo kwa wanafunzi. Kwa ufundi wa lugha twaona bado Al-Inkishafi yampita mbali. Lakini mlango wake u wazi kidogo zaidi.

Kwa hiyo hatushauri mtu aliondoe Al-Inkishafi darasani, twalipenda mno. Twashauri tu kwamba mwalimu afikapo kwenye ubeti wa madaka asiharakishe kwenda makaburini. Asimame hapo, aandike ile mithali ubaoni, kisha awaulize wanafunzi ni nani aliyekuwa akivipangusa vumbi visahani vile kila asubuhi, na jina lake alikuwa nani.