Je, Okonkwo Alikuwa Shujaa?



Chinua Achebe alipotoa riwaya yake Things Fall Apart mwaka 1958, jina lake lilitangaza kuporomoka kwa mambo. Clement Ndulute alipoitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1973, ilitoka kwa jina la Shujaa Okonkwo. Tunaishukuru kazi hiyo, lakini jina limemvika mtu nishani kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

Wanaomsifu Okonkwo wana hoja. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi mwenye madeni kwa majirani, hana cheo wala ghala. Mwana hakurithi kitu. Akiwa na miaka 18 alimbwaga Amalinze, ambaye hakuwa ameshindwa mieleka kwa miaka 7. Akakopa mbegu za viazi vikuu kwa Nwakibie, akalima hadi akajaza ghala na kuoa wake 3. Kwa kipimo cha Waigbo wa Umuofia, huyo ni mwanamume kamili.

Hata hivyo, Achebe ametuwekea watu wengine wa kumlinganisha naye. Mzee Ndulue alikuwa hodari ujanani, na bado hakufanya neno bila kumwambia mkewe, Ozoemena. Okonkwo alipoyasikia hayo alistaajabu. Obierika, rafiki yake, hakwenda kumuua kijana Ikemefuna, wala hakuna aliyemvua uanaume. Okonkwo alikuwa ameonywa na mzee Ezeudu asishiriki, maana kijana yule alimwita baba. Akaenda, na akampiga panga kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Kifo kile kiliamriwa na miungu. Mkono wa Okonkwo haukuamriwa na yeyote.

Baadaye alimuua mtu wa ukoo bila kukusudia, akahamishwa miaka 7. Waliompokea ni wajomba zake wa Mbanta. Mzee Uchendu alimuuliza kwa nini Waigbo huwaita watoto wao Nneka, yaani mama ni mkuu. Hakuwa na jibu.

Sisi tulio ugenini tuisome sura hiyo mara mbili. Mara ngapi katika vikao vyetu tunasikia kwamba kwa mila zetu mwanamume haingii jikoni, halii, haombi ushauri kwa mkewe? Anayeisemea mila mara nyingi ni yule mkali kuliko wote, na watoto wetu waliozaliwa huku huamini kuwa huyo ndiye mila yenyewe. Wakimkimbia yeye, wanatukimbia sote. Nwoye, mwana wa Okonkwo, alifanya hivyo hivyo.

Katika kazi yetu ya uhandisi tunajua kwamba chuma cha kusubu ni kigumu, lakini kikizidiwa hukatika ghafla. Chuma cha pua hupinda kwanza, kikatuonya. Okonkwo hakujua kupinda. Unoka, ambaye mwanawe alimwonea haya maisha yote, alifia porini bila kaburi. Na mwana mwenyewe, kwa kuwa alijinyonga, ilibidi azikwe na wageni.

Tukilazimishwa kutoa cheo cha shujaa, tungempa Obierika: aliyethubutu kuzihoji desturi za ukoo wake bila kuukana, na aliyeuza viazi vya rafiki yake akampelekea fedha uhamishoni.