Kocha Anayefaa Kuhama: Mtazame Winga wa Mbali

Nimechoka kusikia makocha wakipimwa kwa idadi ya makombe. Kila msimu wa futiboli ya Australia ukielekea ukingoni, klabu inayoshika mkia huanza kumnyemelea kocha wa klabu iliyoshiba, na wachambuzi hushangilia: ana makombe matatu, akija kwetu shida imekwisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Majuzi mchambuzi mmoja wa redio hapa Melbourne alimwita kocha fulani fundi wa kugombewa na klabu zote, eti kwa sababu timu yake ilitoka nyuma robo ya nne ikashinda. Mechi hiyo niliitazama nikiwa nyuma ya goli, jukwaa la juu. Timu ya huyo fundi ilikuwa imekatika vipande viwili tangu mpira wa kwanza. Iliokolewa na wapinzani waliokosa magoli ya wazi. Kuiita kazi ile ufundi ni kuwavunjia heshima mafundi.

Kombe halisemi nani alilifanyia kazi. Kocha Denis Pagan aliipa North Melbourne ubingwa wa 1996 na wa 1999. Mbinu yake kubwa ilikuwa kuwaondoa washambuliaji wengine mbele, kumwachia Wayne Carey eneo tupu, kisha kumpigia mpira mrefu. Mwaka 2003 akahamia Carlton. Huko hakukuwa na Carey, na klabu ilikuwa imetoka kuadhibiwa kwa kuvunja ukomo wa mishahara, ikanyang'anywa nafasi zake za juu katika drafti ya kugawana chipukizi. Carlton ikashika mkia 2005, ikashika tena 2006, na 2007 Pagan akatupiwa virago. Waliomwajiri walihesabu makombe yake bila kujiuliza yalibebwa na mabega ya nani.

Mwenye jicho la nguo huigeuza ndani akague mishono kabla ya kusifu rangi. Katika mchezo huu mishono iko kwa winga wa upande wa mbali, na hapo ndipo mtazamaji wa kawaida asipofika kamwe.

Chukua mfano. Beki wetu amedaka maki, yaani mpira uliopigwa kabla haujagusa chini, ubavu wa kulia, hatua mbili kutoka mstarini. Uwanja mzima unamtazama yeye, na kamera iko kwake. Wewe mwache. Vusha macho hadi ng'ambo, zaidi ya mita mia pale kwenye uwanja wa MCG, umtafute winga wa kushoto. Kwa kocha wa kubahatisha utamkuta ameshika kiuno, au ananyemelea katikati kwa sababu na yeye anautaka mpira. Timu ikiupoteza, wapinzani wanaugeuzia upande ule alioutelekeza, wanakuta njia nyeupe mpaka kwenye milingoti.

Kwa kocha wa kweli winga huyo hatulii. Amejitanua kiasi kwamba mpinzani wake lazima achague: amfuate, au azibe katikati. Anageuza shingo, anatazama nyuma ya bega. Mkono mmoja umenyooka, unamwonyesha beki wake mtu wa kukaba, na mdomo hauachi kusema. Mpira ukipotea, hatua zake tatu za kwanza ni za kurudi nyuma, kwa mshazari kuelekea goli lake, kabla hata hajajua mpira umemwangukia nani. Hatua tatu hizo ndizo saini ya kocha. Kipaji hakizileti, maana mara nyingi mchezaji wa kawaida huzipiga vizuri kuliko nyota. Hamasa nayo haizileti, kwa kuwa hakuna anayezishangilia. Zinatokana na mazoezi, jambo lilelile likirudiwa wiki baada ya wiki mpaka miguu ilijue bila kuamriwa.

Zitazame robo ya nne, miguu ikiwa mizito. Na tangu 2021, mpinzani anayesimama mahali maki ilipodakwa alipokatazwa kusogea, hatua hizo zina thamani zaidi, kwa sababu mwenye mpira sasa ana pembe pana ya kuupeleka katikati. Timu ambayo winga wake wa mbali amelala hupasuliwa mara moja.

Nilipokuwa nafundisha vijana wa mitaa ya magharibi ya jiji hili, nilikuwa na winga mmoja mwembamba ambaye baba yake, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, alinilalamikia kwamba mwanawe hapewi mpira. Nikamwomba aache kusimama ubavuni, aje nyuma ya goli, amtazame kijana peke yake. Robo ya tatu ilipokwisha akanigeukia: "Mwalimu, kumbe huyu ndiye anayefunga mlango." Tangu siku ile mzee yule anaujua mchezo kuliko wachambuzi wengi wanaolipwa kuuzungumzia.

Sasa tuje kwa mabingwa wa kazi hii. Mwaka 2008 Geelong ilipoteza mechi moja tu katika msimu wa kawaida. Alastair Clarkson akaikabili kwenye fainali kuu na Hawthorn iliyokuwa ikilinda eneo badala ya mtu, wachezaji wote wakihama pamoja kila mpira unapohama. Geelong ilipeleka mpira mbele mara nyingi zaidi, lakini ilifunga magoli 11 na kuambulia pointi moja-moja 23. Hawthorn ilifunga magoli 18 na pointi 7, ikachukua kombe. Mabeki wake wakibanwa waliupitisha mpira kwenye milingoti yao wenyewe, wakatoa pointi moja badala ya kuhatarisha goli la pointi sita. Msimu uliofuata kanuni ikabadilishwa. Wapo waliomwita Clarkson mlaghai. Mtu aliyeisoma sheria kuliko walioiandika si mlaghai, ni mwanafunzi mzuri.

Kocha Ron Barassi naye husifiwa kwa jambo lisilo lake. Fainali kuu ya 1970 Carlton ilikuwa nyuma kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, mbele ya watu 121,696, na ikaifunga Collingwood kwa pointi 10. Watu husimulia hotuba. Hotuba kila kocha anayo. Barassi alimwingiza Ted Hopkins, aliyefunga magoli manne, na aliwaamuru wachezaji waendeleze mpira kwa mkono bila kusita. Wachezaji walitoka chumbani wakiwa na kazi ya kufanya, si joto la maneno peke yake.

Walaghai nao wana aina zao. Yupo anayewasili siku vijana wa mtangulizi wake wanapoiva, akavuna na kujiita mkulima. Yupo anayewauza chipukizi ili anunue wakongwe, apate msimu mmoja mzuri, kisha aondoke kabla deni halijadaiwa. Wa tatu huvujisha habari za kutakiwa kwingine kila mkataba wake unapokaribia kwisha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kanuni nyingine nitazitaja bila kubembeleza. Msimu wa kwanza wa kocha mgeni haumpimi. Kocha anayeanza kazi kwa kumvua nahodha unahodha hajiamini. Anayehama na benchi lote la ufundi anaogopa kuulizwa maswali. Anayefoka mbele ya kamera amekosa la kufundisha. Na kocha ambaye hajawahi kuzalisha kocha mwingine hajakamilika. Luke Beveridge alitwaa ubingwa 2016 na Western Bulldogs, Damien Hardwick 2017 na Richmond, Adam Simpson 2018 na West Coast, na wote watatu walipitia kwenye benchi la Clarkson pale Hawthorn.

Enzi za viwanja vya Victoria Park na Moorabbin hukumu ilikuwa rahisi zaidi. Mtu alisimama ukingoni, uwanja wote ukiwa mbele yake, akimsikia kocha kwa masikio yake. Allan Jeans alikuwa askari polisi alipoipa St Kilda kombe lake pekee mwaka 1966, kwa tofauti ya pointi moja, kisha akahamia Hawthorn na kutwaa mengine 1983, 1986 na 1989. Hakuhama na jina. Alihama na namna ya kufundisha, nayo ikamea kwenye udongo mpya. Makocha wa aina yake wamepungua, na mchezo umepungua pamoja nao.

Je, kocha mwenye makombe ahame? Ahame, ila klabu ijue inanunua muda. Leigh Matthews aliikuta Brisbane ikiwa imeshika mkia 1998, akaipa ubingwa wa 2001, 2002 na 2003. Mick Malthouse alitoka West Coast na makombe mawili, akafanya kazi Collingwood misimu 10 kabla ya msimu wa ubingwa wa 2010. Clarkson, mwenye makombe manne, alishinda mechi tatu North Melbourne mwaka 2023, na tatu tena 2024, nao wanaohesabu wakasema amekwisha. Hardwick akaifikisha Gold Coast hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza 2025, nao wakasema yeye ndiye fundi. Gold Coast ilikuwa na vijana wa drafti waliokwisha kukomaa. North ilikuwa imebomoka hadi msingi. Anayewalinganisha kwa jedwali la ligi hajatazama mechi.

Viongozi wa klabu wanaotaka kumwaga wino na kocha mkubwa wamwombe jambo moja tu: alete mkanda wa mechi aliyofungwa vibaya, awaonyeshe winga wa mbali katika robo ya nne. Hatua tatu zikiwepo hata siku ya kipigo, wamwajiri, wampe misimu mitano, na wasimguse. Zisipokuwepo, makombe yake wayaache yabaki kwenye kabati la klabu iliyoyashinda.