Maji na Jiwe: Msanifu wa Tovuti na Mshororo wa Shairi

Mwezi wa Aprili mwaka 2000, John Allsopp, msanifu wa tovuti kutoka Australia, alichapisha katika jarida la mtandaoni liitwalo A List Apart insha fupi yenye jina "A Dao of Web Design". Dao ni neno la Kichina lenye maana ya njia, na Dao De Jing ni kitabu cha kale cha hekima kinachonasibishwa na Laozi. Kutoka katika kitabu hicho Allsopp aliazima mafunzo ya upole, ya kutoshindana na maumbile ya vitu, akayaelekeza kwa mafundi wenzake waliokuwa wakihangaika na vioo vya kompyuta. Insha hiyo haikuandikwa kwa ajili ya washairi. Hata hivyo, mpenzi wa ushairi aliyewahi kufungua simu yake akaukuta ubeti umesagwa kama unga anafaa kuisoma, kwani imo hoja inayomhusu, na limo pengo linalomhusu zaidi.

Hoja yenyewe ni nyepesi kuieleza. Chombo kipya, asema Allsopp, huanza kwa kukiiga kilichokitangulia. Televisheni ilipoanza ilikuwa kama redio iliyotiwa picha. Tovuti nazo ziliuiga ukurasa uliochapwa. Wasanifu wengi wa miaka ya 1990 walileta kwenye mtandao mazoea ya uchapishaji: karatasi ambayo upana wake haubadiliki, herufi ambayo ukubwa wake haubadiliki, pambizo lililopimwa kwa rula. Walitaka mamlaka hayo hayo juu ya kioo. Wakajenga kurasa kwa majedwali yasiyoonekana, wakachomeka picha za nukta moja zisizo na rangi ili kuyasukuma maneno mahali walipoyataka. Kumbe msomaji mmoja alikuwa na kioo kipana, mwingine chembamba, wa tatu macho yake hafifu yalihitaji herufi kubwa, na wa nne hakuona kabisa, akasomewa na programu. Ukurasa uliofungwa kwa misumari uliwafaa wachache na kuwanyima wengi.

Hapo ndipo Allsopp anapoipindua meza. Mamlaka yale ya mchapaji, asema, hayakuwa fadhila ya karatasi, yalikuwa ni upungufu wake. Karatasi haiwezi kujinyoosha wala kujikunja, basi fundi wake akaona kutobadilika ndio ustadi. Kioo chaweza, na msanifu anayekizuia anapigana na maumbile ya chombo chake. Ushauri wake ni kwamba msanifu awaze kwanza ukurasa unafanya nini, kisha ndipo awaze unaonekanaje. Asiweke vipimo vigumu vya herufi. Amwachie msomaji nafasi ya kuamua.

Wakati umempa haki. Mwaka 2000 simu ya mkononi haikuwa chombo cha kusomea diwani. Mwaka 2007 ilitoka simu ya iPhone, na miaka mitatu baadaye, mwezi wa Mei 2010, Ethan Marcotte aliandika katika jarida lile lile makala iliyowafundisha wasanifu jinsi ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga upya kwa kila kipimo cha kioo. Marcotte aliifungua makala yake kwa maneno ya Allsopp. Leo mafundisho hayo ni desturi ya kazi, na hakuna fundi makini anayeyapinga. Ndiyo maana yafaa yapimwe kwa mizani nyingine: mizani ya mshororo.

Chukua ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya tu:

Maji hayana umbile, huvaa la chombo chake
Mtungini yatulile, yana utulivu wake
Jiwe lina lile lile, halibadilishi lake
Shairi hubeba yale, ya maji na jiwe lake

Ni shairi la mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane ukwapi na nane utao, lenye kina cha kati na kina cha mwisho. Mshororo wa kwanza una alama kama arubaini, nafasi zikiwemo. Simu nyingi zikishikwa wima, na herufi zikiwa za ukubwa wa kusomeka bila ya kukunja uso, haziwezi kuubeba mshororo huo wote. Tena lugha ya HTML, inayotumika kuandikia kurasa za tovuti, ina tabia ambayo mshairi hana budi kuijua: haihesabu mwisho wa mstari. Mwandishi abonyeze kitufe cha kushuka mara moja au mara tano, aache nafasi moja au kumi, lugha hiyo huona nafasi moja tu, ila ikiwa ameandika amri ya wazi kwamba hapa mstari uvunjwe. Asipoiandika, ubeti hutoka hivi:

Maji hayana umbile, huvaa la
chombo chake Mtungini yatulile,
yana utulivu wake Jiwe lina lile
lile, halibadilishi lake Shairi
hubeba yale, ya maji na jiwe lake

Maneno yote yapo. Hakuna herufi iliyopotea. Programu ya kukagua ingesema kazi ni salama. Lakini jicho linapumzika pasipo pumziko, "lile lile" limekatwa katikati, na vina vimezama ndani ya mistari kama sarafu mchangani.

Je, hapa Allsopp ndiye mkosa? Mtu mwenye haraka angesema ndiye, kwa kuwa alihubiri ulegevu. Lakini historia ya ushairi wa Kiswahili yenyewe inamtetea kwa sehemu kubwa. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti mmoja vilipangwa katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, vikitengwa kwa alama au kwa nafasi. Zilipokuja hati za Kirumi na vitabu vya karne ya 20, vipande hivyo mara nyingi vilishushwa chini, kimoja juu ya kingine. Umbo machoni lilibadilika kabisa, na hakuna aliyesema kuwa utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake umegeuka kuwa utungo mwingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yaliishi vifuani mwa watu kabla ya Mwalimu Sikujua kuyakusanya na kuyatia katika maandishi. Ushairi huo ulijua kuvaa chombo chochote: kifua, ngozi ya kitabu, safu ya gazeti. Ulikuwa maji kabla ya mafundi wa tovuti kuyasifu maji.

Lakini uliweza kuwa maji kwa sababu ndani yake mlikuwa na jiwe. Vipande vitatu vya mwanzo vya utenzi hufungwa kwa kina kimoja, na cha nne hubeba bahari inayopita beti zote. Hata ukivimwaga vipande vyote katika mstari mmoja usio na alama, sikio lililozoea huvirudisha mahali pake, maana kina ndicho mlango wa chumba na mizani ndiyo kipimo cha ukuta. Mshororo wa arudhi unabeba mpaka wake ndani ya sauti yake. Haukuukabidhi ukurasa kazi ya kuulinda.

Hapa lazitokea jambo ambalo wapenzi wa ushairi wa pwani wataliona ni la ajabu, na pengine la kuchekesha. Tangu miaka ya 1970, kumekuwa na mgogoro mkubwa baina ya wanamapokeo, walioshika kanuni kama zile alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi, na wanausasa, waliotoka na mashairi huru kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi ya mwaka 1974. Wanamapokeo waliambiwa kuwa wamefungwa minyororo. Wanausasa waliambiwa kuwa wameandika nathari iliyokatwakatwa. Kioo cha simu kimeuingia mgogoro huo bila ya kuitwa, na kimetoa hukumu ambayo hakuna upande ulioitarajia. Shairi lenye minyororo ndilo lililo huru zaidi mbele ya chombo kipya, kwa kuwa laweza kuvunjwa na kujiunga. Shairi huru ndilo lililofungwa, kwa kuwa mpaka wa mstari wake hauna kina cha kuushika. Upo machoni tu. Mtunzi wa shairi huru anapoliacha neno moja peke yake katika mstari, upweke wa neno lile ndio maana yenyewe. Simu ikilisukuma neno hilo kwa jirani yake, maana imekufa, na msomaji hatajua kuwa iliwahi kuwapo.

Hali ni nzito zaidi kwa tungo zinazochora. Kithaka wa Mberia, katika diwani kama Mchezo wa Karata ya mwaka 1997 na Bara Jingine ya mwaka 2001, ameutumia mpangilio wa maneno kwenye ukurasa kuwa sehemu ya usemi. Huko Ufaransa, Stéphane Mallarmé alikwisha kuufanya ukurasa kuwa chombo cha utungo mwaka 1897, alipoyatawanya maneno ya "Un coup de dés" katika weupe wa karatasi. Mbele ya tungo za aina hii, kauli ya Allsopp kwamba kutobadilika ni upungufu wa karatasi haisimami. Kwa mshairi wa namna hiyo upungufu ule ndio ulikuwa uzi wa kushonea.

Pengo la insha, basi, liko katika ule ushauri wake uliosifiwa kuliko yote: waza ukurasa unafanya nini, kabla ya kuwaza unaonekanaje. Ushauri huo unafaa kwa ratiba ya meli, kwa habari za bei ya karafuu, kwa tangazo la mazishi. Unakwenda sambamba na imani iliyoenea miongoni mwa mafundi tangu lugha ya CSS ilipopitishwa rasmi mwaka 1996, kwamba yaliyomo yakae upande wake na sura ikae upande wake. Shairi haliukubali mgawanyo huo kirahisi. Mahali mstari unapokatika ni sura, na papo hapo ni yaliyomo. Fundi asiyelijua hili ataufuta mshororo kwa moyo safi kabisa, akiamini kuwa ameondoa pambo.

Hata hivyo, dawa imo ndani ya mafundisho yale yale. Allsopp hakusema kuwa kila kitu kilegee. Ni juu ya msanifu kujua ni kipi cha kulegeza. Kwa shairi, ukubwa wa herufi ulegee, rangi ilegee, upana wa pambizo ulegee. Mshororo utambulishwe kuwa mshororo, yaani usemwe kwa amri ya wazi, usiachiwe bahati ya nafasi. Katika shairi la mizani kumi na sita, kila kipande kifungwe chake, ili kioo kikiwa chembamba mstari uvunjike penye kina cha kati, na utao ushuke ukisogezwa ndani kidogo:

Maji hayana umbile,
    huvaa la chombo chake

Hapo ubeti umejikunja bila ya kuvunjika, kama jamvi. Na katika shairi huru, sehemu ya mstari iliyozidi ishushwe ikiwa imeingizwa ndani, kama wachapaji wa vitabu walivyofanya siku zote, ili msomaji ajue kuwa hapo kioo ndicho kilichokata, mtunzi hakukata. Haya yote yanawezekana kwa amri chache zinazojulikana na kila fundi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia.

Njia iliyozoeleka badala ya hiyo ni kuupiga picha ukurasa wa diwani na kuirusha picha. Umbo hubaki, ni kweli. Lakini huo ni ushindi wa jiwe pasipo maji. Picha haitafutiki kwa neno; mzee aliyepungua macho akiikuza huisoma kwa kuivuta huku na huko kama mtu achunguliaye chumba kwa tundu la ufunguo; na asiyeona, ambaye angesomewa shairi zima na programu ya sauti, huenda akaambiwa tu kuwa hapa pana picha. Ni kinaya kikubwa kwamba utenzi, uliotungwa ili usikiwe, ufichwe asiyeweza ila kusikia. Katika jambo hili Allsopp yuko sahihi kuliko washairi.

Msanifu aliwafundisha wenzake kuacha kuumiliki ukurasa. Mshairi na mhariri wa diwani wana la kuongeza katika somo hilo: kabla ya kuachia, mtu aujue mfupa uliko. Utenzi ulipita kutoka kifuani hadi kwenye hati za Kiarabu, kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi, na kila mara alikuwapo mtu aliyejua kipande kinaanzia wapi na kinakomea wapi. Safari hii ya kwenye kioo inamhitaji mtu huyo huyo. Kama hatakaa karibu na fundi, kijana atakayekutana na Muyaka kwa mara ya kwanza simuni atamsoma kama habari, atapita, wala hatakuwa na kosa.