Gitaa la Kwanza: Lipi Lifaalo?

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni kweli kwa mtu aliyekwisha kujua kulima, maana mkono wake hulishinda jembe baya. Bali mtoto ashikaye mpini kwa mara ya kwanza, jembe zito humchukiza kazi kabla hajaijua. Ndivyo ilivyo kwa gitaa. Fundi aweza kupata sauti nzuri katika gitaa bovu, lakini mwanafunzi hawezi. Naye akishindwa hulaumu vidole vyake, kumbe kosa ni la chombo.

Twaandika haya kwa sababu kahawa ikiisha kuuzwa huku Litembo na Umatengo kote, ndipo kijana au kwaya huweza kufikiri habari ya kununua gitaa. Fedha hiyo ni jasho la mwaka mzima. Gitaa litakuwa moja tu, nalo latakiwa kuongoza nyimbo kanisani, kufundishia watoto shuleni, na kuchangamsha watu arusini. Je, ni gitaa gani liwezalo kazi hizo zote?

Sisi twasema, ni gitaa la nyuzi za nailoni. Zamani nyuzi za gitaa la namna hii zilikuwa za utumbo wa wanyama, ghali na rahisi kukatika. Katika miaka ya 1940 Albert Augustine wa New York alianza kuzitengeneza kwa nailoni, na Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, akazikubali. Nyuzi hizi haziumizi vidole kama waya. Tena shingo ya gitaa hili ni pana, kadiri ya milimita 52 mwanzoni mwake, hata kila kidole chapata nafasi yake.

Wako wasemao kwamba sauti yake ni ndogo, na ngoma huimeza. Ni kweli, wala hatufichi. Atakaye kupigia dansi tu, na achukue gitaa la waya. Lakini ufundi haukai katika waya. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha pili tu, gumba likitembea chini na cha pili kikiimba juu. Mapigo hayo yaweza kujifunzwa katika nailoni, kisha mtu akahamia waya bila taabu. Na kibanio kidogo kikifungwa shingoni, gitaa lile lile hupandishwa kufuata sauti za watoto au za akina mama.

Walakini si kila gitaa la nailoni ni jema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nayo magitaa mabaya hujitembeza kwa rangi na kung'aa. Ubao wa mbele ndio utoao sauti. Ubao wa mti mzima huimba vizuri kupita plaiwudi, bali hupasuka upesi hali ya hewa ikibadilika. Kwa gitaa litakaloshuka kutoka baridi ya Litembo kwenda joto la Mbamba Bay, plaiwudi nzuri si aibu. Yamaha C40, ambalo wanafunzi wengi wa nchi mbalimbali wameanza nalo, ni la kadiri hiyo.

Dukani, muuzaji asikuharakishe. Kwanza, tazama shingo kwa jicho moja kama utazamavyo mbao; isiwe imepinda. Pili, hesabu vyuma vidogo vya shingoni hata cha 12, ambacho ni nusu ya urefu wa uzi. Nafasi kati ya uzi mnene na chuma hicho ikizidi sana milimita 4, vidole vitateseka. Tatu, piga uzi wazi, kisha ubonyeze hapo penye 12: sauti iwe ile ile, ila ya juu. Ikipotoka, gitaa hilo halitapatana kamwe, hata ukikaza vigingi siku nzima. Mtoto mdogo anunuliwe lenye kimo cha robo tatu.

Neno la mwisho ni zito. Nyuzi zikikatika, watu hushawishika kutia za waya kwa kutafuta sauti kubwa. Waya huvuta karibu mara mbili ya nailoni, nao hung'oa kile kipande cha mti kinachozishika nyuzi juu ya ubao. Basi nunua nyuzi za nailoni za akiba siku ile ile ununuapo gitaa. Wala usiliache juani wala juu ya gari, maana joto hulegeza gundi. Likitunzwa hivyo, gitaa moja laweza kufundisha mtu na mdogo wake, na baadaye watoto wao.