Kerezo, Bakuli na Hukumu ya Mkono

Kiswahili hakikuchanganya kazi mbili ambazo waandishi wengi wa habari za sanaa huzichanganya. Mwenye tezo huchonga. Mwenye kerezo hukereza. Mchongaji huutuliza mti akaupeleka mkono. Mkereza huuzungusha mti akautuliza mkono. Mwiko, chano na kinu ni vyombo vya kuchongwa. Matendegu ya vitanda vya fahari vya mwambao, yenye mafundo na shingo, ni kazi ya kerezo. Tofauti hii si ya zana peke yake. Ni tofauti ya namna umbo lizaliwavyo, na kwa hiyo yapasa iwe tofauti ya namna umbo lihukumiwavyo. Swali la makala haya ni moja: bakuli la mti lililokerezwa, au chombo cha maua kilichokerezwa, kihukumiwe kwa kipimo gani?

Hapana budi swali hili lianze na kitabu cha Mwingereza David Pye, The Nature and Art of Workmanship, kilichotolewa mwaka 1968. Pye (1914–1993) alikuwa profesa wa usanifu wa samani katika Royal College of Art, London, na yeye mwenyewe alikuwa mkereza wa mabakuli na visanduku. Basi aliandika juu ya jambo alilolijua kwa mikono yake. Alikataa kuzigawa kazi za binadamu kuwa za mkono na za mashine, kwa sababu karibu kila fundi hutumia kitu cha kumsaidia, na mahali ambapo mkono hukoma na mashine ikaanza hapajulikani. Badala yake aliugawa ufundi kuwa wa hatari na wa yakini. Ufundi wa hatari ni ule ambao ubora wa kitu haujaamuliwa kabla, bali hutegemea busara, wepesi wa mkono na uangalifu wa fundi muda wote wa kazi. Ufundi wa yakini ni ule ambao ubora umekwisha kuamuliwa kabla kitu cha kwanza hakijatengenezwa. Mwandishi wa kalamu yumo katika hatari. Mtambo wa kupiga chapa umo katika yakini.

Wahenga wetu walisema kwamba mchonga mwiko hukimbiza mkonowe. Wao walisema juu ya hatari ya mtu. Pye alisema juu ya hatari ya kazi. Lakini mithali na kitabu vyakutana mahali pamoja: vyote viwili vyakiri kwamba fundi hufanya kazi karibu na madhara, na kwamba ustadi wake ni kujua ukaribu huo umefika wapi. Wala Pye hakusema kwamba hatari peke yake ni sifa. Alimpinga John Ruskin, ambaye katika The Stones of Venice, mwaka 1853, aliutukuza ukwaru wa kazi za kale kuwa ni dalili ya uhuru wa fundi. Kwa Pye kazi iliyonyooka barabara yaweza kuwa tukufu kama kazi iliyo huru, na kazi mbaya haisafishwi na umaskini wa aliyeifanya. Hapo alisema kweli, na mkosoaji yeyote wa sanaa za mikono angefaa aanzie hapo.

Sasa na tuipeleke nadharia hii kwenye kerezo tuone kama itasimama. Kerezo hutoa duara bure. Mtu asiye na ujuzi mwingi, akiiegemeza patasi barabara juu ya kiegemeo na kuisogeza polepole, atapata duara ambalo mchongaji mkuu wa tezo hawezi kulifikia kwa jicho. Kwa hiyo kumsifu mkereza kwa sababu bakuli lake ni duara kamili ni kumsifu kwa alichopewa. Nusu moja ya kazi yake ni yakini. Hatari imo katika nusu ya pili: mkondo wa ubavu kutoka kitako hadi mdomo, na unene wa mti uliobaki baina ya uso wa nje na uso wa ndani.

Nusu hii ya pili ina matata kuliko aonavyo mtazamaji. Katika bakuli la kawaida nyuzi za mti hulala kukingama na mhimili. Kila mzunguko mmoja patasi hukutana mara mbili na ncha za nyuzi na mara mbili na ubavu wake. Kwa hiyo nje ya bakuli hukatwa kutoka kitako kwenda mdomo, na ndani hukatwa kutoka mdomo kwenda katikati, ili kila uzi uwe na mwenziwe wa kuuegemea. Anayekwenda kinyume huzing'oa nyuzi badala ya kuzikata. Katika chombo cha maua aghalabu nyuzi husimama kufuata mhimili, na mwendo wa patasi hugeuka. Tena, mti hauzunguki kwa kasi moja: mdomoni huenda mbio, na katikati kabisa ya sakafu ya bakuli hausogei hata kidogo. Mkono hauna budi kubadilika katika kila kidole cha safari.

Zaidi ya hayo, mti ukiwa mbichi hukatika kwa wepesi, lakini ukikauka hunywea, na hunywea zaidi kufuata pete zake za ukuaji kuliko kuzikata pete hizo. Duara lililokerezwa bichi huwa yai. Mafundi wengi hulikereza bakuli mara mbili: kwanza huacha ubavu wenye unene kama sehemu moja ya kumi ya upana wake, sentimita 3 kwa bakuli la sentimita 30, kisha huliacha likauke kwa miezi, ndipo wakalirudisha kwenye kerezo. Wengine hulimaliza bichi na kuuachia mti ujipinde upendavyo. Mithali ya samaki mkunje angali mbichi ina nusu tu ya hekima ya karakana hii. Mkereza hujua pia kwamba aliyekunjwa akiwa mbichi hujikunja mwenyewe baadaye.

Mifano miwili itatuonyesha mambo haya yakiwa katika vitu vyenyewe. Wa kwanza ni George Lailey wa Bucklebury, katika Berkshire, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1869 na kufa mwaka 1958. Alikereza mabakuli ya mti uitwao elmi, ambao nyuzi zake zimeshikamana hata haupasuki kwa urahisi. Kerezo lake lilikuwa la ufito. Ufito unyumbukao hufungwa juu. Kamba huteremka, huuzunguka mhimili, na kuishia kwenye ubao wa kukanyagia. Fundi akikanyaga, mti humjia na patasi hula; akiinua mguu, ufito huivuta kamba, mti hurudi nyuma na patasi hupumzika. Kerezo la upinde, lililotumika katika nchi za Kiarabu na Bara Hindi, hufuata kanuni hiyo hiyo ya kwenda na kurudi. Kwa patasi zilizopindwa kama ndoana Lailey aliweza kutoa katika gogo moja mabakuli kadhaa, moja ndani ya jingine, kama maganda ya kitunguu. Hapo unene haukuwa pambo: ubavu wa bakuli kubwa ukizidi, bakuli lililo ndani yake hupungua. Kila chombo kilikuwa na deni kwa jirani yake.

Wa pili ni James Prestini (1908–1993) wa Marekani, aliyesomea uhandisi. Katika miaka ya 1930 na 1940 alikereza mabakuli yenye kuta nyembamba mno, yasiyo na pambo lolote, hata watu wakayafananisha na kioo na kauri. Museum of Modern Art ya New York iliyaweka katika hazina yake. Kwa kipimo cha Pye, Prestini alikwenda mbali katika hatari kuliko wengi, kwa kuwa ubavu ukiwa mwembamba kiasi hicho, kosa dogo haliachi bakuli bali huacha tundu. Hata hivyo uso wake umelainishwa hata njia ya patasi haionekani. Jani la msasa, ambalo limeipa karatasi ya kusugulia jina lake la Kiswahili, husawazisha. Lakini pia hufuta. Hatari ilipitwa, na ushahidi wa kupitwa kwake ukafutwa.

Basi mtazamaji atajuaje? Hapa ndipo kitabu cha Pye kinapopungua. Alipotaka kueleza uzuri wa kazi njema, alisema kwamba kitu kizuri humpa mtazamaji mambo mapya kadiri anavyokikaribia: akiwa mbali huona umbo zima, akisogea huona sehemu zake, akiinama huona nyuzi na alama za patasi. Kazi duni hufika mahali ikawa haina jipya la kutoa. Maelezo haya ni mazuri, lakini yamejengwa zaidi juu ya jicho, na safari yake imekatizwa hatua moja kabla ya mwisho. Mtazamaji wake anakaribia, anainama, lakini hashiki. Na bakuli ni kitu ambacho nusu ya ukweli wake haionekani. Jicho huuona uso wa nje, kisha huuona uso wa ndani. Haliwezi kuziona nyuso zote mbili pamoja wala kupima kilichobaki baina yake. Kidole gumba ndani na vidole vinne nje hupima mara moja. Mkono unaonyanyua hutambua kama uzito umekaa kitakoni kama nanga, au umegawanyika sawa, au umesahauliwa mdomoni. La ajabu ni kwamba mabakuli ya Pye mwenyewe, aliyoyachora michirizi kwa chombo alichokibuni, yanauita mkono kuliko kitabu chake kinavyouita.

Chombo cha mdomo mwembamba huthibitisha hoja hii zaidi. Tangu miaka ya 1970 Mmarekani David Ellsworth alijulikana kwa vyombo vilivyochimbwa kupitia tundu dogo kwa patasi zilizopindwa. Anayechimba hivyo haioni ncha ya chombo chake. Huisikiliza sauti ya mti ikibadilika kadiri ukuta unavyopungua, husimamisha kerezo, hupima, huendelea. Chombo hiki kimezaliwa kwa sikio na kwa mkono. Kisha huwekwa ndani ya sanduku la kioo, na wanaoalikwa kukihukumu hupewa macho matupu. Yamkini hii ni sababu moja ya mapambo, rangi na matundu kuongezeka katika kazi zifanywazo kwa ajili ya maonyesho. Kinachosifiwa ni kile kinachoonekana, na fundi naye ni mtu. Huelekea penye sifa.

Huenda msomaji akajibu kwamba vyombo vya makumbusho vikishikwa na kila mtu vitaharibika, na kwamba chombo cha maua cha mti, ambacho hakiwezi kutiwa maji pasipo kuharibika au kuvuja, hakikukusudiwa matumizi. La kwanza ni kweli, na ndiyo maana mzigo humwangukia mkosoaji: yeye aliyeruhusiwa kushika na ashike kwa niaba ya wasioruhusiwa, kisha aandike uzito, unene wa mdomo na wa kitako, na mahali ambapo patasi imeacha njia yake. La pili ni kweli kwa kiasi. Kitu kisichotiwa maji bado hunyanyuliwa na kufutwa vumbi. Na kama umbo lake laahidi wepesi huku mkono ukikuta uzito, basi chombo hicho kimesema uongo, nao mkosoaji hana ruhusa ya kuuficha.

Jambo hili halikomei katika adabu ya uhakiki. Lailey alipokufa hakuacha mwanafunzi wa kuishika kazi yake. Lakini kerezo lake na patasi zake zilihifadhiwa katika Museum of English Rural Life, mjini Reading, na katika miaka ya 1990 Mwingereza Robin Wood alivichunguza vitu hivyo, akajifunza kwavyo kukereza mabakuli kwa mguu, na mwaka 2005 akatoa kitabu juu ya historia ya bakuli la mti. Kazi ilirudi kwa sababu mtu aliweza kusoma katika chuma na katika mti yale ambayo hayakupata kuandikwa. Sifa kwamba mabakuli yale ni mazuri na ya kale zisingemsaidia kitu.

Wanafunzi wetu wanaoandika juu ya matendegu, viti na milango ya mwambao wangefanya vyema kulifikiri jambo hili. Kurasa nyingi zimejaa asili ya nakshi na majina ya mitindo. Ni chache zinazosema fundo la tendegu lina kina gani, patasi iliingia kutoka upande gani, au shingo ilipunguzwa hadi wapi kabla mti haujashindwa kubeba mtu. Maneno ya kazi hiyo tunayo: kereza, tendegu, patasi, msasa. Yaliyopungua ni vipimo, na vipimo hupatikana kwa kushika. Pye ametupa swali lililo sahihi kuliko yote yaliyotangulia, yaani kazi hii ilikuwa katika hatari gani. Jibu lake, kwa vitu vya kerezo, litafutwe kwanza baina ya kidole gumba na vidole vinne.