Rangi Hutangulia Uso

Katika picha za mwigizaji Marilyn Monroe ambazo msanii Andy Warhol alizitengeneza mwaka 1962, midomo ilipakwa rangi kabla mdomo wenyewe haujakuwepo. Asiyelijua hilo huzipita haraka, akiamini kwamba ni mashine tu iliyorudufu picha ya sinema. Ndiyo lawama kubwa anayotupiwa Warhol mpaka leo, kwamba alinakili. Nadhani wanaosema hivyo hawajafuatilia mkono wake ulipita wapi.

Kazi ilianza kwa kuchagua picha ambayo watu walikuwa wameshaizoea. Mafundi walimtengenezea filamu ya picha hiyo kwenye plastiki angavu, kijivu kikiwa kimepunguzwa, weusi na weupe vikabaki vimetengana waziwazi. Filamu hiyo ililazwa juu ya turubai, mipaka ikafuatishwa: nywele zinaishia hapa, shavu linaanzia pale, kope, midomo. Kisha filamu iliondolewa, na ndani ya mipaka hiyo zikapakwa rangi bapa kwa brashi: njano ya nywele, waridi ya ngozi, buluu juu ya macho, nyekundu. Kufikia hapo turubai lina rangi zote za mtu, na mtu hayupo.

Rangi zikishakauka, ndipo inapoletwa skrini, yaani fremu iliyowambwa kitambaa chepesi kilichozibwa kwa dawa, kikaachwa wazi pale tu ambapo weusi wa picha utapita. Wino humwagwa upande mmoja, ukaburutwa hadi upande wa pili kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Wanaochapa fulana mitaani wanaujua wasiwasi wa dakika hiyo. Skrini ikisogea kidogo tu, jicho linatua nje ya rangi yake. Wino ukizidi unavuja. Ukipungua, au vitundu vya kitambaa vikiziba, uso unatoka na mapengo. Mchapa fulana angeiweka kando fulana hiyo akachapa nyingine. Warhol aliikubali chapa ya namna hiyo, akaitundika pamoja na zilizotoka safi, ili sura ileile iwe nzito hapa na ifutike pale. Kukubali huko kunataka jicho kali, maana si kila kosa hupendeza.

Alikuwa na miaka mingi ya mazoezi. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka milima ya Karpati, eneo ambalo sasa ni Slovakia, na alikulia katika kanisa la Kikatoliki la mapokeo ya Kibizanti, mbele ya ukuta wa picha za watakatifu waliotazama mbele moja kwa moja. Miaka ya 1950 alikuwa mchoraji wa matangazo New York, akichora viatu vya kampuni ya I. Miller kwa wino aliougandamiza ukiwa mbichi kwenye karatasi ya pili, mstari ukatoka na vidonge na mikatiko. Kwa hiyo mstari unaokatika alikuwa ameshaujua zamani, kabla ya skrini.

Ustadi huo ulifika mbali alipowageukia watu wa historia. Bruno Bischofberger, mfanyabiashara wa sanaa wa Zurich, alimshauri amchore mtu mkubwa kuliko wote wa karne ya 20, akimfikiria Einstein. Warhol akamchagua Mao Zedong, kiongozi wa China. Ilikuwa 1972, mwaka ambao Rais Nixon wa Marekani alikwenda huko, na picha aliyoitumia ni ile ya kitabu cha nukuu za Mao, iliyokuwa mikononi mwa mamilioni ya watu. Yaliyo makubwa kabisa kati ya maturubai hayo, kama lile la Taasisi ya Sanaa ya Chicago, yana urefu wa karibu mita 4.5. Hapa rangi haikai tena ndani ya mipaka. Juu ya macho kuna buluu, mashavuni wekundu, na kwenye koti brashi imepita kwa nguvu, ikaacha mikwaruzo na mabaka ambayo huwezi kuyasema ni kitambaa wala kivuli. Juu ya vurugu hiyo umetua uso uleule uliotulia, ule wa rasmi, usiojua kilichofanyika chini yake. Mimi ningesimama pale kwenye koti muda mrefu kuliko usoni, kwa sababu uso tulishapewa na dola ya China, lakini koti ni la Warhol.

Mwaka 1985 aliwachukua malkia wanne waliokuwa madarakani: Elizabeth wa Uingereza, Beatrix wa Uholanzi, Margrethe wa Denmark na Ntombi wa Swaziland, ambayo siku hizi ni Eswatini. Chapa zilikuwa 16, nne kwa kila malkia, kwenye karatasi za sentimita 100 kwa 80, na mchapaji alikuwa Rupert Jasen Smith. Ya Elizabeth ilitokana na picha rasmi iliyopigwa na Peter Grugeon mwaka 1975. Mipaka ya rangi sasa ni mikali, kama karatasi zilizokatwa kwa mkasi, na juu yake umepita mstari mwembamba wa rangi nyingine unaoufuata uso, taji na mkufu, kisha unauacha kidogo na kwenda njia yake. Nafurahi kwamba Ntombi hakuwekwa pembeni kama nyongeza. Karatasi yake ina ukubwa uleule, chapa zake idadi ileile, na rangi zake zimepangwa kwa uangalifu uleule.

Miezi ya mwisho kabla ya kifo chake Februari 1987, alikuwa akimchora Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi. Hapo mwili umezama katika rangi moja, nyeusi au nyekundu, na kutoka kwenye rangi hiyo unajitokeza uso, mkono, na mistari michache inayoonyesha bega lilipo. Miaka 25 ya kupaka rangi kabla ya uso ilimfundisha ni kiasi gani cha mtu kinaweza kuondolewa, na bado mtazamaji akamtambua.